Sikio Gumu

Kwenye begi nimebeba masikio mawili,
yamelala katika sponji kama meno ya dhahabu.
Moja la nusu inchi, upana wa ukucha wa dole gumba.
Jingine la robo, dogo,
kifungo cha shati la mtoto.

Fundi aliyenifunza kazi alilipenda kubwa.
"Hili," alisema, "linasikia sisimizi akitubu."
Ni kweli. Jana usiku, Liwale, chumba namba tatu cha gesti,
nililiwasha kulijaribu:
likanipa saa ya ukutani ya jirani,
bomba linalodondoka uani,
na pumzi zangu, ambazo sikujua zina kikwaruzo.

Lakini sikuja kupima pumzi.
Nimekuja kupima bunduki ya Mfaume Ngaunje,
askari wa wanyamapori, mwaka wa kumi na tisa huu
akifyatua hewani ili tembo watoke kwenye mihogo ya watu.
Tembo hurudi.
Kilichoondoka ni sikio la kushoto,
lile linaloukaribia mtutu.
Anasema humo ndani siku hizi anafuga nyenje,
hawanyamazi hata kwenye msiba.

Faili lake la fidia lina karatasi moja, vipimo vya mwaka juzi.
Risasi ya kwanza: desibeli mia moja arobaini na sita.
Ya pili: mia moja arobaini na sita.
Ya tano: mia moja arobaini na sita.
Chini yake mhuri, na maneno "hakuna la ajabu".
Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.
Risasi gani inarudia namba kama mwanafunzi anayekariri?
Nikautafuta mchoro. Kila kilele kilikatwa bapa,
kama mkebe uliokanyagwa.
Ile haikuwa sauti ya bunduki.
Ilikuwa dari ya sikio lililotumwa kuipima,
sikio zuri mno, sikio la sisimizi.
Mpe mtu kikombe cha kahawa akapime mafuriko,
atarudi kuapa
kwamba mafuriko yalikuwa kikombe kimoja.

Basi leo nimefunga lile dogo.
Ngozi yake imekazwa kama ngoma iliyoota moto.
Minong'ono hailihusu; ukiliambia siri, umeitunza siri.
Ukiliomba ukimya, linakupa mvumo wake lenyewe.
Ila mshindo linaupokea wote, mpaka utosini,
na linawahi,
maana mlipuko haupigi hodi:
unapanda na kushuka kope haijaamua,
ndiyo maana nimeiambia mashine ihesabu
mara laki mbili ndani ya sekunde moja.
Nikalisimamisha usawa wa sikio lake, shubiri moja pembeni,
uso nimeugeuza ubavu,
kama mtu anavyokaa na moshi wa kuni.

Risasi tano. Namba tano, hakuna pacha.
Mia moja sitini na mbili. Sitini na moja na nusu.
Moja ilifika sitini na nne, tukatazamana.
Mfaume akainamia kioo, akakiona kilele, kina ncha.
"Kumbe ni mwiba," akasema kwa sauti kubwa,
ndivyo anavyosema kila kitu siku hizi.

Tulirudi kwa njia ya shamba la dada yake, Somoe.
Miganda ya ufuta imesimamishwa juani,
maganda yanafunguka, moja huku, moja kule,
mbegu zinaangukia turubai.
Lile sikio dogo lisingesikia kitu.
Yeye pia.
Nikamgusa bega asimamishe pikipiki.
Nikafungua begi, nikachomeka lile kubwa,
nikaliinamisha juu ya turubai, nikapandisha sauti,
nikamvika hedifoni, upande wa kulia nikaukaza.

Alifumba macho muda mrefu.
Halafu akanyoosha kiganja mbele, kimekingwa,
akatazama juu,
kwenye anga lisilo na wingu hata moja.